SOMO LA KIKUNDI: MAJANI YA PASHENI YANATUAMBIA NINI?

Wengi wenu mmepanda pasheni ya zambarau ili mpate karo na pesa kidogo za nyumbani. Lakini kila tunapotembelea vikundi, tunaulizwa lile lile: "Majani yameharibika, tupige dawa gani?" Leo tujifunze kuanza na swali jingine: huu ni ugonjwa gani?

Kosa letu wenyewe

Kikundi kimoja cha akina mama kilituita. Majani machanga ya pasheni yao yalikuwa yamekunjamana, yana mabaka ya kijani kibichi na kijani kilichofifia. Hatukuangalia vizuri. Tukasema ni ukungu, wapige dawa ya kopa. Pesa za mzunguko za mwezi mzima zikaishia dukani. Wakapiga mara tatu. Matunda yakatoka madogo, magumu kama mawe, ganda nene, maji hakuna. Kumbe ni virusi, na virusi havina dawa. Tena kisu kimoja cha kupunguzia matawi kilikuwa kikizunguka boma hadi boma, pamoja na ugonjwa wenyewe. Tuliwaomba msamaha. Nanyi msipatwe na hayo.

TUONE

Kabla ya kwenda dukani, angalia jani juu na chini, kisha shina, kisha tunda.

1. Madoa ya kahawia. Huanza madogo, yakapanuka, na majani yakaanguka. Tunda nalo hupata madoa yaliyobonyea. Huu ni ukungu, na hupenda mvua na matawi yaliyosongamana. Punguza matawi hewa ipite, okota majani na matunda yaliyoanguka, uyachome au uyafukie. Hapa dawa ya kopa inasaidia, hasa ikipigwa mapema, ugonjwa haujaenea.

2. Majani yaliyokunjamana yenye mabaka, na matunda magumu. Ni virusi. Vinaenezwa na vidukari, visu, na miche iliyotolewa kwenye mmea mgonjwa. Ng'oa mmea wote, uchome.

3. Mmea kunyauka upande mmoja au wote, hata udongo ukiwa na maji. Kata shina karibu na ardhi. Ukiona ndani pamegeuka kahawia, ugonjwa uko udongoni. Hakuna dawa ya kuuponya. Ng'oa, choma, na usirudishe pasheni ya zambarau mahali hapo, isipokuwa ile iliyoungwa juu ya shina la pasheni ya manjano, kwa maana shina hilo huvumilia ugonjwa huu. Palipoungwa pasifunikwe na udongo.

4. Majani ya chini kugeuka manjano yote polepole. Mara nyingi ni njaa tu. Weka samadi iliyooza vizuri.

5. Majani kuwa kama yameungua wakati wa kiangazi, na utando mwembamba chini yake. Ni utitiri. Dawa ya ukungu haitauua. Nyunyizia maji kwa nguvu upande wa chini wa majani. Ukizidi, muulize afisa wa kilimo dawa yake.

TUPIME

Kung'oa ni rahisi kusema. Katika kile kikundi, mama mmoja alikuwa na mashina 40, karibu yote yana virusi, na mtoto alikuwa anangojea karo. Alisema, "Mkiniambia ning'oe, mnaniambia mtoto akae nyumbani." Alisema kweli. Lakini mashina yale yakibaki, vidukari vitapeleka ugonjwa kwa jirani. Basi ugonjwa ni wa mmoja, lakini hasara ni ya wote. Wanakikundi wakakubaliana: yeye ang'oe, wao wampe zamu yake ya mzunguko mapema na kumchangia miche safi.

TUTENDE

- Nunua miche kwenye nasari inayokaguliwa, si popote.
- Kila mtu awe na kisu chake. Kikiazimwa, kioshwe kwa sabuni, kisha kilowekwe katika dawa ya kung'arishia nguo: kipimo kimoja kwa maji vipimo tisa.
- Usichanganye pasheni na kunde, maboga au matango.
- Ukipiga dawa, soma maandishi ya chupa: kipimo, na siku za kungoja kabla ya kuchuma. Vaa nguo za kujikinga. Piga jioni, maana maua ya zambarau hufunguka asubuhi na nyuki huwa kazini.
- Tembeleaneni mashambani kila wiki mbili. Macho kumi huona kuliko mawili.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika mashamba yetu, tumeona dalili zipi kati ya hizi tano?
2. Tumewahi kununua dawa bila kujua ugonjwa? Tulipoteza kiasi gani?
3. Mwenzetu akilazimika kung'oa, kikundi kitamsaidiaje? Andikeni uamuzi wenu kwenye kitabu cha kikundi leo, kabla ugonjwa haujafika.