Discworld: riwaya 41, na mlango wake si kitabu cha kwanza

Terry Pratchett, mwandishi wa Kiingereza aliyefariki Machi 2015, aliacha riwaya 41 zinazotokea katika ulimwengu mmoja: dunia bapa iliyobebwa na tembo wanne, nao tembo wamesimama juu ya gamba la kasa mkubwa anayeogelea angani. Riwaya ya kwanza ilitoka mwaka 1983, ya mwisho 2015. Wasomaji wengi wakiiona orodha hiyo huchoka kabla hawajafungua ukurasa mmoja. Haya ni maswali wanayoyauliza zaidi.

Kwa nini nisianze tu na kitabu cha kwanza?

Kwa sababu Discworld si hadithi moja ndefu iliyokatwa vipande. Karibu kila riwaya ina mwanzo wake na mwisho wake. Kinachoziunganisha ni ulimwengu, mji mkubwa wa Ankh-Morpork, na wahusika wanaorudi.

Kitabu cha kwanza, The Colour of Magic, ni hadithi nne zilizoshikana, zinazomhusu Rincewind, mchawi asiyejua uchawi, na mtalii mmoja mwenye sanduku linalotembea kwa miguu yake. Ucheshi wake unawatania waandishi wa hadithi za panga na uchawi kama Robert E. Howard na Fritz Leiber. Asiyewasoma hao atakuwa kama mtu aliyefika harusini wakati watu wanacheka mzaha uliokwisha kusemwa. Isitoshe, kitabu kinaishia pale Rincewind anapodondoka ukingoni mwa dunia, na kujua yaliyompata inakubidi utafute The Light Fantastic ya mwaka 1986. Wakati huo Pratchett bado alikuwa ofisa habari wa shirika la umeme la Uingereza. Aliiacha kazi hiyo mwaka 1987, na kuanzia hapo unamwona mwandishi akikomaa kitabu kwa kitabu.

Basi nishike kipi?

Guards! Guards! ya mwaka 1989. Nimewapa watu wengi ushauri huu na sijaona sababu ya kuubadilisha.

Mji wa Ankh-Morpork una askari wa zamu ya usiku wasioheshimiwa na yeyote. Wamebaki wachache tu, na mkuu wao, Kapteni Sam Vimes, tunamkuta amelewa chakari, amelala mtaroni kwenye mvua. Wakati huohuo kundi la siri linaita joka linalotema moto, kwa hesabu kwamba mtu wao atajitokeza kuliua na wananchi watamtawaza mfalme. Kisha anawasili kijana aitwaye Carrot, jitu la miraba minne lililolelewa na watu wafupi wachimba madini, ameikariri sheria yote ya mji na anaamini kwa dhati kwamba askari kazi yake ni kuitekeleza.

Kitabu hiki kinafaa kuwa mlango kwa sababu mji unajifunua kwako pole pole, kama unavyojifunua kwa Carrot: magenge ya wezi yenye leseni, chuo cha wachawi, na mtawala Vetinari anayeuendesha mji kwa akili baridi. Huhitaji kujua lolote kabla. Na chini ya vichekesho kuna jambo zito. Pratchett alikitabaruku kitabu kwa wale walinzi ambao katika hadithi za mashujaa huingia ukumbini mmoja mmoja ili wauawe. Aliwatazama watu wasio na majina akaona kila mmoja ana maisha yake. Hilo ndilo linalonifanya nimpende Pratchett kuliko waandishi wenzake wa aina hii.

Nikimaliza hicho, nifuate mpangilio gani?

Mfuate Vimes. Riwaya za askari zinakwenda hivi: Men at Arms (1993), Feet of Clay (1996), Jingo (1997), The Fifth Elephant (1999), Night Watch (2002), Thud! (2005), Snuff (2011). Hapa mpangilio una maana, maana mtu huyu anakua. Anaacha pombe, anaoa, anapandishwa cheo asichokitaka, anakuwa baba.

Katika Men at Arms kuna mawazo yake kuhusu viatu. Mshahara wake ni dola 38 kwa mwezi. Buti nzuri ni dola 50 na zinadumu miaka mingi. Buti mbovu ni dola 10 na zinapasuka baada ya msimu mmoja au miwili. Tajiri hununua mara moja. Maskini hununua tena na tena, na katika miaka hiyohiyo atakuwa ametumia dola 100 na miguu yake bado imelowa. Yeyote anayenunua mafuta ya kupima na mkaa wa kopo hahitaji kuelezwa zaidi. Sijui ukurasa wa mchumi uliousema ukweli huu kwa maneno machache kuliko hapo.

Night Watch ndiyo bora kuliko zote, nami nasema hivyo bila kusita. Vimes anarushwa nyuma hadi mji wa ujana wake, siku chache kabla ya maasi ambayo anajua yataishaje, na anajikuta akimfundisha kazi askari kijana ambaye ni yeye mwenyewe. Lakini usianze nayo. Uchungu wake unatokana na kuwajua watu hao tangu walipokuwa vichekesho.

Hadithi za askari na majoka hazinivutii. Kuna mlango mwingine?

Ipo milango mitatu. Small Gods (1992) imesimama peke yake kabisa. Mungu Om anakusudia kuwatokea watu kama fahali, anatokea kama kobe mdogo, na anagundua kwamba katika taifa zima linalotetemeka kwa jina lake, aliyebaki akimwamini kweli ni mnovisi mmoja tu, Brutha, asiyejua kusoma. Wengine wote wanaiogopa mahakama ya dini. Nakipendekeza hasa kwa mtu wa dini, maana hakimdharau mwenye imani. Kinamchunguza anayeitumia imani kuwatesa wenzake.

Wyrd Sisters (1988) ni kwa waliosoma Macbeth shuleni, au Makbeth ya S. S. Mushi kwa Kiswahili. Wachawi wake watatu hawamlogi jirani. Wanazalisha, wanatibu, wanakesha na wanaokata roho. Na Mort (1987) ni habari ya Mauti mwenyewe akichukua kijana wa kumfundisha kazi. Ni fupi na nyepesi.

Shikamoo mwalimu. Nina binti wa miaka kumi na mmoja, na Kiingereza chake ni cha shule tu. Ataviweza vitabu hivi?

Marahaba. Riwaya nyingi za Discworld hazina sura, zina tanbihi nyingi, na michezo ya maneno inayomchosha hata mtu mzima. Zile alizowaandikia watoto zina sura na sentensi zilizonyooka zaidi. Mpe The Amazing Maurice and His Educated Rodents (2001), habari ya paka tapeli na panya waliopata akili, iliyoshinda tuzo ya Carnegie. Ina sehemu za kutisha gizani, kwa hiyo kaa naye karibu.

Ikimshika, mpe The Wee Free Men (2003). Tiffany Aching ana miaka tisa, ni mjukuu wa mchunga kondoo, na anakwenda kumkomboa mdogo wake kutoka kwa Malkia wa nchi ya ndoto akiwa na kikaango mkononi. Tatizo ni vijitu vya buluu vinavyomsaidia: vinaongea Kiingereza cha Uskoti. Msomee kwa sauti. Masikio huelewa pale macho yanapokwama.

Kwa muuza vitabu vya mitumba nimekuta Thief of Time peke yake. Ninunue?

Nunua leo hii, kesho huenda kisiwepo. Ni cha mwisho katika mkondo wa Mauti na mjukuu wake Susan, baada ya Mort, Reaper Man, Soul Music na Hogfather, lakini kinasomeka bila hivyo. Vivyo hivyo Going Postal (2004), ambapo tapeli anaokolewa kitanzini ili afufue posta iliyokufa, ni mlango mzuri kabisa.

Vya miaka ya mwisho uvisogeze mbele. Desemba 2007 Pratchett alitangaza kwamba ana aina adimu ya ugonjwa wa Alzheimer, na baadaye akawa anaandika kwa kuamuru maneno. Katika Raising Steam (2013) sentensi zimelegea na wahusika wanazungumza kwa kirefu kuliko walivyokuwa. Na The Shepherd's Crown, iliyotoka miezi michache baada ya kifo chake, usiifungue mpaka umalize vitabu vinne vya Tiffany vinavyoitangulia, pamoja na vile vya wachawi, kuanzia Wyrd Sisters hadi Carpe Jugulum.