Sampuli Hukaribia Ukweli kwa Kasi Gani?

Tuseme shule za wilaya moja zatakiwa kutengenezewa madawati, na fundi ataka kujua wanafunzi wangapi katika kila mia hawazidi kimo cha sentimita 140, wangapi hawazidi 150, na kadhalika. Kuwapima wote haiwezekani. Hupimwa wachache waliochaguliwa kwa kura, kisha huchorwa mchoro upandao kama ngazi: kila mwanafunzi aliyepimwa huongeza kipandio kimoja. Huo ndio mgawanyo wa sampuli. Mgawanyo halisi wa wilaya nzima hauonekani.

Mwaka 1933, Glivenko wa Muungano wa Kisovieti na Cantelli wa Italia walithibitisha kwamba kadiri sampuli ikuavyo, pengo kubwa kuliko yote baina ya ngazi hiyo na mchoro halisi huelekea sifuri. Hata hivyo, thibitisho hilo halimwambii fundi apime wangapi. Mwaka 1956 Dvoretzky, Kiefer na Wolfowitz walitoa kikomo cha hatari, na mwaka 1990 Massart akaonyesha kuwa kizidisho 2 chatosha: uwezekano wa pengo kuzidi d haupiti 2e^(−2nd²), ambapo n ni idadi ya waliopimwa na e ni takriban 2.718.

Mwanafunzi na afanye hesabu mwenyewe, akiruhusu hatari ya 5 katika 100. Kwa waliopimwa 20, pengo laweza kufika 0.30. Yaani sampuli ikisema nusu ya wanafunzi hawazidi sentimita 150, ukweli waweza kuwa popote baina ya 20 na 80 katika mia. Madawati yaliyochongwa kwa ushahidi huo yatawatesa watoto kwa miaka mingi. Pengo la 0.10 lahitaji watu 185; la 0.05, watu 738; la 0.01, watu 18,445. Kupunguza pengo kwa nusu huzidisha kazi mara nne. Idadi ya wanafunzi wote wilayani haimo katika kanuni, jambo ambalo wengi huona shida kulisadiki. Lililomo ni sharti la kura: kosa la kuwapima walio mstari wa mbele, wanakopangwa wafupi, halirekebishwi na wingi.

Mambo hubadilika vipimo viongezekapo. Fundi akitaka kimo, urefu wa mguu na upana wa mgongo kwa pamoja, na kosa likihesabiwa kwa wastani wa umbali wa kuuhamisha mgawanyo mmoja hadi ulingane na mwingine, kazi ya Dudley ya mwaka 1969 yaonyesha kuwa kosa hilo, kwa jumla, hupungua kama 1 kugawanya kwa kipeuo cha tatu cha n. Kulipunguza kwa nusu hudai sampuli kubwa mara 8. Kwa vipimo 10, mara 1,024.