Akiuliza Mara ya Kumi, Mjibu Kama ya Kwanza

"Baba yenu hajarudi?"

Mama aliuliza hivyo magharibi moja, amekaa barazani, macho yameelekea njia itokayo sokoni. Baba alikuwa ameshatimiza miaka sita kaburini. Nami, kwa kuamini kwamba ukweli ndio dawa, nikamjibu: "Mama, baba si alishafariki?" Akapiga ukelele. Alilia kama mtu aliyeletewa habari saa ile ile, akauliza kwa nini hakuna aliyemwambia, akauliza nani alimwosha. Kesho yake magharibi akauliza tena, nikajibu vile vile, akalia vile vile. Juma zima tulimzika baba kila jua lilipotua.

Siku ya nane alikuwapo jirani yetu, muuguzi mstaafu. Mama alipouliza, yeye akaniwahi kujibu: "Shoga, unamngoja? Hebu niambie, akirudi alikuwa akipenda umpikie nini?" Uso wa mama ukafunguka. Akaeleza habari za samaki wa kupaka, na jinsi baba alivyogombana na wavuvi kwa kuchagua. Baada ya robo saa alikuwa amesahau alichouliza, lakini furaha ilikuwa bado imo usoni.

Hapo ndipo nilipoanza kujifunza kazi hii. Haya yafuatayo ndiyo niliyotamani mtu anieleze tangu siku ya kwanza.

Jua kinachomsumbua

Mzee asiye na ugonjwa husahau alipoweka miwani, kisha akakumbuka. Mgonjwa wa Alzheimer aweza kuishika miwani mkononi asijue ni kitu cha kufanyia nini. Atapotea njia aliyoipita miaka arobaini, atapika wali akasahau maji, ataficha pesa kisha aseme ameibiwa. Huo si uzee tu, si uchawi, wala si mapepo. Ni maradhi ya ubongo. Yana jina la daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, ambaye mwaka 1901 huko Frankfurt alimpokea mwanamke wa miaka 51 aliyekuwa akipoteza kumbukumbu. Mwanamke huyo alipofariki mwaka 1906, daktari aliuchunguza ubongo wake akakuta mabonge na nyuzi zilizosokotana mahali pasipostahili.

Alzheimer ndiyo aina kubwa zaidi ya demensia, yaani kupungukiwa akili kunakoharibu maisha ya kila siku. Shirika la Afya Duniani linahesabu zaidi ya watu milioni 55 wenye demensia, na wengi wao wanaishi katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Nasi tumo. Utafiti uliofanywa wilayani Hai, mkoa wa Kilimanjaro, na kutolewa mwaka 2013, ulikuta demensia kwa takriban watu 6 katika kila 100 wenye umri wa miaka 70 na zaidi.

Kwa kawaida ugonjwa huu huanza kula ile sehemu ya ubongo inayopokea na kuhifadhi mambo mapya. Ndiyo maana mama hakumbuki kama amekunywa chai asubuhi, ila anakumbuka rangi ya kanga aliyovaa siku ya harusi yake. Akiuliza jambo mara kumi, si ukaidi. Jibu lako alilisikia, ila halikupata pa kukaa.

Anzia hospitali

Usijipe jibu mwenyewe. Yapo mambo yanayofanana na Alzheimer ambayo hutibika: upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo isiyofanya kazi sawasawa, sonona, kaswende iliyofika kwenye ubongo, damu iliyovilia kichwani baada ya kuanguka, hata dawa anazotumia. Nenda na dawa zake zote ndani ya mfuko mmoja, zikiwemo za dukani na za miti shamba. Nenda pia na daftari uliloandika: mabadiliko yalianza lini, kwa jambo gani, na yameongezeka vipi. Zungumza na daktari pembeni, usimsimange mzee mbele yake.

Dawa ya kuuponya ugonjwa huu haijapatikana. Zipo zinazoweza kupunguza dalili kwa muda, kama donepezil na memantine, nazo huandikwa na daktari. Usimpe mzee dawa za usingizi kwa uamuzi wako, wala vidonge vya mafua na mzio vinavyolevya. Huzidisha kuchanganyikiwa na kumwangusha. Baadhi ya dawa za kutuliza wagonjwa wa akili huongeza hatari ya kiharusi na kifo kwa wazee wenye demensia, kwa hiyo mwulize daktari kila dawa ni ya nini na itatumika mpaka lini.

Kuzungumza naye

Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, waliwaonyesha wagonjwa 17 wa Alzheimer vipande vya filamu za huzuni, na wakati mwingine za furaha. Muda mfupi baadaye wengi hawakukumbuka walichokiona, lakini huzuni au furaha yenyewe ilikuwa bado imo mwilini mwao. Msingi wa kazi yetu yote ni huo. Mgonjwa atasahau ulichomwambia, lakini namna ulivyomfanya ajisikie itabaki naye, hata kama hajui imetoka wapi. Ukimkaripia saa mbili, usishangae akikataa chakula saa tatu.

Futa kabisa maneno haya: "Si nimeshakwambia?", "Hukumbuki?", "Unanijua mimi nani?" Hayo ni mitihani, na katika kila mtihani ataanguka. Badala ya kumpima, jitambulishe: "Shikamoo mama, ni mimi mwanao wa mwisho, nimekuletea uji." Simama mbele yake, macho yenu yakutane, ndipo useme. Sema jambo moja kwa mara moja. Usiulize "Utakula nini?" bali "Wali au ugali?" Kisha ngoja, kwani jibu huchelewa njiani.

Akisema ameibiwa pesa, usijitetee. Sema: "Pole mama, tutafute pamoja." Baada ya muda utayajua maficho yake: chini ya godoro, kwenye pindo la kanga, ndani ya kopo la mchele. Akisema "Nataka kwenda kwetu" naye yuko nyumbani kwake, usimwambie hapa ndipo kwako. "Kwetu" yake huenda ni kijiji cha utotoni, au ni moyo unaotafuta utulivu. Mwulize habari za huko. Mshike mkono mzunguke nyumba mara moja, kisha mrudi kwa mlango ule ule.

Wengine wataona huku ni kumdanganya mzazi. Nami nililiogopa hilo. Lakini jirani yetu hakusema kwamba baba yu hai. Aliliacha swali, akaijibu shauku iliyokuwa ndani yake.

Siku iwe na njia moja

Mtu aliyepoteza kumbukumbu hutegemea mazoea. Aamke saa ile ile, aoge saa ile ile, akae kiti kile kile. Usihamishe vitanda na makabati bila sababu. Bandika kitambaa cha rangi kali kwenye mlango wa choo ili aujue, na usiku uache taa ya kumwongoza.

Kuoga ndiko kunakoleta vita vingi. Fikiria kwa upande wake: mtu asiyemtambua anamvua nguo. Tayarisha kila kitu kwanza: maji ya uvuguvugu, kiti imara, kata, sabuni, taulo. Mfunike kanga, osha sehemu moja kisha ifunike. Mpe kata mkononi ajimwagie mwenyewe. Mama aogeshwe na mwanamke, baba na mwanamume, kila inapowezekana. Akikataa, acha, jaribu baada ya saa moja. Siku nyingine kumfuta kwa kitambaa chenye maji kunatosha.

Chakula kiwe kimoja mbele yake, kwenye sahani yenye rangi tofauti na chakula. Akishindwa kutumia kijiko, mpe vya kushika mkononi: ndizi mbivu, kipande cha kiazi, andazi laini. Kiu nayo huisahau, basi mpe maji kidogo kidogo mchana kutwa. Ugonjwa ukisonga, kumeza huwa taabu. Mketishe wima wakati wa kula na nusu saa baada yake, ponda chakula, usimharakishe. Akikohoa kila anapokunywa, mweleze daktari.

Mpeleke chooni kila baada ya saa mbili au tatu bila kungoja aombe. Mvalishe nguo rahisi kuvua, dera au suruali yenye mpira kiunoni. Akijichafua, usiwaite watu waje kuona.

Jioni wagonjwa wengi huhangaika zaidi. Washa taa kabla giza halijaingia, punguza sauti ya televisheni, wageni waje asubuhi. Chai kali na kahawa ziishie adhuhuri, na usingizi wa mchana uwe mfupi.

Mpe kazi mikono yake

Mambo yaliyozoewa na mikono hukaa muda mrefu kuliko majina na tarehe. Mama yangu hajui tena jina langu, lakini ukimpa miyaa anasuka ukili, na vidole vyake havikosei. Mwingine atachambua mchele, atamenya maharage, atakunja nguo. Akikunja vibaya, usikunjue mbele yake. Sala, nyimbo za kanisani, kaswida na taarabu za ujana wake nazo hukaa. Mwimbie, utashangaa atakapoumalizia ubeti.

Linda asidhurike

Jiko la mkaa, mtungi wa gesi, mafuta ya taa, dawa na visu viwekwe asipofika. Ondoa mikeka inayoteleza. Funika kisima. Kadi ya benki na namba ya siri ya pesa za simu zisiwe mikononi mwa kila mtu. Familia ichague mtu mmoja mwaminifu, na matumizi yaandikwe.

Jiandae kwamba siku moja atatoka peke yake. Mwambie mjumbe, mwenye duka, vijana wa bodaboda, imamu au mchungaji: "Mzee wetu anaumwa ugonjwa wa kusahau, mkimwona mtupigie." Mshonee namba ya simu kwenye pindo la nguo, weka picha yake ya karibuni kwenye simu yako. Akipotea usingoje jioni. Tafuta kwanza alikozoea kwenda zamani, na toa taarifa polisi mapema.

Kuwaambia majirani kuna faida nyingine. Katika sehemu za Tanzania na Kenya wazee, hasa wanawake, wameuawa kwa kushukiwa uchawi. Bibi anayetangatanga usiku na kuzungumza peke yake ni rahisi kusingiziwa. Ukiutaja ugonjwa waziwazi umemjengea ukuta.

Na ujue dalili ya hatari: Alzheimer huenda polepole, kwa miezi na miaka. Mzee akibadilika ghafla kwa siku moja au mbili, akaweweseka au akalala kupita kiasi, usiseme ugonjwa umezidi. Huenda ni malaria, maambukizi ya mkojo, kichomi, upungufu wa maji, au amefunga choo siku nyingi. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Nawe usife kabla yake

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ndugu wanaopiga simu mara moja kwa mwezi huona kazi hii nyepesi, na huwa wa kwanza kulaumu. Iteni kikao cha familia mapema, kabla ya hasira. Gawaneni: nani analala naye, nani analipa, nani anampeleka kliniki, nani anampumzisha mtunzaji Jumamosi. Aliye mbali, awe Dar es Salaam au Muscat, atume pesa kila mwezi kwa kiasi kinachojulikana, na akija likizo achukue zamu za usiku, siyo kupiga picha tu. Msimtupie mzigo wote binti asiyeolewa, wala msichana wa kazi asiyefundishwa.

Kuna siku utapandwa na hasira hadi mkono ukutetemeke. Hakikisha mzee yuko salama, toka nje, kaa chini ya mti dakika kumi, kisha rudi. Ukiona usingizi umekukimbia na machozi hayakauki, hayo nayo ni maradhi; nenda ukatibiwe. Mkono mmoja haulei mwana, wala haulei mzee.

Mama bado anauliza. Siku hizi, jua likianza kushuka, namletea miyaa yake barazani, nakaa ubavuni, na nikisikia "Baba yenu hajarudi?" nauliza habari za wavuvi. Ameshanisimulia mamia ya mara, nami nasikiliza kama sijapata kusikia.

Na wewe usiye na mgonjwa nyumbani, bila shaka unamjua jirani mwenye mgonjwa. Kabla juma hili halijaisha, piga hodi kwake. Usipeleke ushauri. Kaa na mzee saa mbili, umwache mtunzaji alale.