Roboti za Kupima Maji: Wavuvi na Wafugaji wa Samaki Wajue Nini

Machi 2022, karibu na daraja la Kirumi, maji ya Mto Mara yaligeuka meusi na samaki wakaelea wamekufa. Kamati iliyoundwa na Serikali ilieleza kwamba oksijeni ilipungua majini kutokana na kinyesi cha mifugo na kuoza kwa mimea. Wananchi wengi hawakuridhika. Vipimo vikichukuliwa baada ya samaki kufa, ubishi haukosi. Vya kila siku huonyesha oksijeni ilianza kushuka lini, na upande gani.

Kazi hiyo ya kupima kila siku inaweza kufanywa na roboti ya chini ya maji, isiyo na kamba wala nahodha. Aina mojawapo haina hata pangaboi. Pampu husukuma mafuta kwenye kifuko cha nje: kifuko kikijaa, roboti hupanda, kikinywea, huzama, na mabawa yake huisukuma mbele. Kwa kuwa inatumia umeme kidogo, hukaa majini wiki kadhaa. Ikiibuka hutuma vipimo kwa setilaiti, maana mawimbi ya redio hayafiki mbali chini ya maji. Mwaka 2019 roboti za namna hii zilipima maji ya Mkondo wa Pemba kupitia mradi wa utafiti wa bahari wa SOLSTICE. Ziwani lazima uzito wake urekebishwe, kwani maji yasiyo na chumvi ni mepesi kuliko ya chumvi.

Ziwa Victoria lina kina cha mita 80 hivi panapozidi. Miezi ya joto, maji ya moto hukaa juu ya yale ya baridi, na huko chini oksijeni huisha. Sangara huhama, na mvuvi wa Bwai au Kibara huona nyavu zimetoka tupu kwenye kina alichokizoea. Kuanzia Juni upepo wa kusi huyachanganya maji tena. Wenye vizimba ndio walio hatarini zaidi: maji mabovu yakipanda, sato wa kizimbani hana pa kukimbilia. Oksijeni ikishuka chini ya miligramu 3 kwa lita, sitisha kulisha. Chakula kinachobaki huoza na kuila oksijeni iliyosalia.

Meli ya utafiti ya Victoria Explorer hupita na kipimasauti ikikadiria wingi wa samaki. Ni kazi kubwa, lakini meli hupita na kuondoka; roboti hubaki majini.

Vipimo vya ziwa ni haki ya watu wa mwaloni. Viandikwe kwenye ubao wa BMU (kikundi cha kusimamia rasilimali za uvuvi), Mwigobero hadi Guta, kwa Kiswahili, siku hiyohiyo. Mtafiti akija, muulize: umepima wapi, kina gani, na majibu tutayapata lini?

Roboti ikinasa kwenye wavu wa dagaa usiku wa giza, usiifungue wala kuipasua. Betri yake inaweza kulipuka. Iweke kivulini, kumbuka ulipoitoa, kisha mpigie mwenyekiti wa BMU au afisa uvuvi.