SOMO LETU: KOMPYUTA MOJA, SKRINI MBILI, MEZA NYINGI



Siku hizi makampuni mengi huandika mishahara kwa kompyuta. Mfanyakazi akilalamika kwamba kilo zake zimepungua, hujibiwa, "Kompyuta haikosei." Ni kweli kwamba kompyuta haichoki kujumlisha. Lakini hujumlisha kile tu ambacho karani ameilisha. Karani akikosea, mashine hulikuza kosa hilo na kulichapa vizuri. Kwa hiyo sisi wa chama hatuna budi kujua kuikagua hesabu kwa chombo hicho hicho.

Somo hili ni la makatibu wa matawi, wawakilishi wa wafanyakazi, na kila mwanachama anayependa kujifunza. Wengi wetu tuliishia shule ya msingi, na hilo si kizuizi. Anayejua kusoma na kuhesabu ataliweza.

KWA NINI SKRINI MBILI?

Tuchukue mfano. Mama mchuma chai ana daftari lake la mizani. Kwa mwezi mzima jumla ni kilo 583. Karatasi ya mshahara inasema kilo 538. Tarakimu ni zile zile, ila mbili zimebadilishana nafasi. Kilo 45 zimekwenda, na ujira wake umekwenda nazo.

Ukiwa na skrini moja, unafungua picha ya daftari, unaishika 583 kichwani, kisha unalifunika daftari ili kufungua karatasi ya mshahara. Ukifika kwa mfanyakazi wa arobaini kichwa kimechoka, na 583 na 538 zinaonekana sawa. Ukiwa na skrini mbili, daftari linakaa kushoto na mshahara kulia. Kichwa hakibebi tena mzigo, jicho linasoma huku na huku. Hiyo ndiyo faida yake kubwa: kulinganisha.

KUUNGANISHA SKRINI YA PILI

Si lazima tawi linunue kitu kipya. Kompyuta ndogo ya kubeba yaweza kuunganishwa na skrini ya mezani iliyokwisha kutumika, au hata televisheni ya ukumbini. Kabla ya kulipa fedha, tazama matundu ya waya. Vyombo vingi vya sasa vina tundu la HDMI. Skrini nyingi za zamani zina tundu la VGA, lenye vishimo 15. Kama hayafanani, utahitaji kiungo cha katikati.

Hatua zifuatazo ni za kompyuta zinazotumia Windows 10 au Windows 11:

1. Unganisha waya, washa skrini ya pili, kisha bonyeza pamoja kitufe chenye alama ya Windows na herufi P.

2. Chagua neno Extend, maana yake skrini ya pili inakuwa mwendelezo wa ya kwanza. Usichague Duplicate, kwa sababu hiyo huonyesha kitu kile kile pande zote mbili.

3. Fungua mipangilio ya skrini. Utaona visanduku viwili vyenye namba 1 na 2. Vivute kwa kipanya vikae kama skrini zilivyo mezani. Usipofanya hivyo, utasogeza kishale kulia nacho kitagota ukingoni, kwa kuwa mashine inadhani skrini ya pili iko kushoto.

4. Kuhamisha dirisha kutoka skrini moja kwenda nyingine, bonyeza Windows, Shift na mshale wa kulia au wa kushoto.

KILA KAZI NA MEZA YAKE

Sasa fikiri juu ya ofisi ya tawi yenye meza moja. Asubuhi kuna malalamiko ya mishahara, mchana barua kwa mwajiri, jioni hesabu ya ada za wanachama. Karatasi zote zikirundikwa pamoja, malalamiko ya mtu mmoja yatapotea chini ya rundo, na mtu huyo ataona kwamba chama hakina maana. Kwenye kompyuta ni vivyo hivyo. Madirisha ishirini yaliyofunguliwa ni rundo, hata kama skrini ni mbili.

Tangu Windows 10 ilipotoka mwaka 2015, mashine hizi zinaweza kutandika meza kadhaa. Ili kupata meza mpya, bonyeza Windows, Ctrl na D. Kwenda meza ya jirani, bonyeza Windows, Ctrl na mshale. Kuziona meza zote, bonyeza Windows na Tab. Hapo unaweza kuipa kila meza jina, kwa mfano Mishahara, Barua, Ada, na kulivuta dirisha kutoka meza moja hadi nyingine. Kuiondoa meza, bonyeza Windows, Ctrl na F4. Madirisha yaliyokuwa juu yake hayapotei, yanahamia meza nyingine.

Jambo moja lazima likumbukwe. Kwenye Windows, meza moja hutandikwa juu ya skrini zote mbili. Ukibadilisha meza, skrini zote hubadilika kwa pamoja. Kwenye kompyuta za Apple kila skrini yaweza kuwa na meza zake.

Lakini liko dirisha tunalolihitaji kila mahali, nalo ni mapatano ya pamoja kati ya chama na mwajiri. Bonyeza Windows na Tab, weka kishale juu ya dirisha hilo, bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya, kisha chagua lionekane kwenye meza zote. Sasa uwe kwenye Mishahara au kwenye Barua, mapatano yako mbele yako.

Tena, meza si kabati. Haihifadhi kitu. Umeme ukikatika kabla hujahifadhi, kazi yako inaweza kupotea. Jizoeze kubonyeza Ctrl na S kila unapomaliza ukurasa.

SIRI ZA WANACHAMA

Hapa ndugu wengi wanaweza kunaswa. Chukua siku ya mazungumzo na mwajiri. Umeunganisha kompyuta na televisheni ya ukumbini ili wote wasome kifungu cha mapatano. Ukiwa umechagua Duplicate, kila unachofungua kinaonekana na meneja. Hata ukichagua Extend, ukibadilisha meza, televisheni nayo inabadilika. Kama kwenye meza ya Ada uliacha orodha ya wanachama wapya upande wa skrini ya pili, meneja ataisoma kwa sekunde moja, na majina hayo huwezi kuyarudisha tena. Wapo waliofukuzwa kazi kwa kuonekana majina yao tu.

Kwa hiyo tufuate kanuni tatu. Kwanza, kabla ya mkutano funga kabisa orodha za wanachama. Kuzihamishia meza nyingine hakutoshi. Pili, wakati wa mkutano usibadilishe meza. Tatu, ukiinuka hata kwa dakika moja, bonyeza Windows na L ili mashine ijifunge na kudai neno la siri.

SHINGO NA MACHO

Skrini unayoitumia zaidi iwe mbele ya uso, ya pili kando yake. Umbali uwe kama urefu wa mkono, na ukingo wa juu ulingane na macho au uwe chini kidogo. Anayegeuza shingo upande mmoja kutwa nzima atalala na maumivu.

Hili si la ofisi ya chama tu. Viwandani pia waendesha mitambo na makarani huongezewa skrini, na pamoja nazo kazi. Skrini nne haziwezi kumpa mtu macho manane. Katika Ulaya, agizo la mwaka 1990 linamtaka mwajiri apange vipindi vya kupumzika au kubadili kazi kwa wanaofanya kazi kwenye skrini, na kuwapatia haki ya kupimwa macho. Nasi tunaweza kuyadai hayo ndani ya mapatano yetu.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA TAWI

1. Ni nani katika tawi letu anayelinganisha madaftari ya mizani na karatasi za mshahara, na kila baada ya muda gani?

2. Orodha ya wanachama iko kwenye kompyuta gani, na nani wanalijua neno la siri?

3. Wenzetu wanaokaa mbele ya skrini kiwandani wanapumzika mara ngapi kwa zamu?

Katibu aliyekwisha kujifunza amfundishe mwenzake mmoja kabla ya mkutano ujao, maana ujuzi wa mtu mmoja huondoka naye akihama.

Umoja ni nguvu.