SOMO LETU: TUJIFUNZE KUSOMA MCHORO WA MASHINE YA HAIDROLIKI



Baadhi ya vikundi vina mashine ya kushindilia matofali ya udongo kwa nguvu ya oili, yaani haidroliki. Kijitabu chake kina mchoro uliojaa mistari na visanduku. Wengi wetu tunaufunika na kumwachia fundi. Siku mashine inapokosa nguvu tunaambiwa, "Pampu imekufa," na akiba ya kikundi inaisha. Basi tujifunze alama saba.

Kumbukeni jeki ya gari: ukipiga mkono wake, oili inasukumwa na kuinua mzigo. Mashine yetu ni vivyo hivyo, ila pampu inaendeshwa na injini.

1. TANGI: kisanduku kisicho na mfuniko, kama sufuria. Oili hutoka hapa na kurudi hapa.

2. PAMPU: duara lenye pembetatu nyeusi, ncha ikielekea nje. Ncha ikielekea ndani, hiyo ni mota inayozungushwa na oili.

3. FILTA: mraba uliosimama kwa pembe yake, ukiwa na mstari wa mkato-mkato katikati.

4. SILINDA: mstatili wenye fimbo inayotokeza upande mmoja. Hii ndiyo inayoshindilia tofali.

5. VALVU YA KUELEKEZA: visanduku viwili au vitatu vilivyoshikana. Kila kimoja ni nafasi moja ya valvu. Mishale ni njia ya oili. Herufi P ni kutoka pampu, T ni kurudi tangini, A na B ni kwenda silinda.

6. VALVU YA USALAMA: kisanduku kimoja chenye mshale ndani na springi ya zigizaga ubavuni. Presha ikizidi, valvu hufunguka na oili hurudi tangini.

7. MISTARI: mstari mzima ni paipu ya kazi. Mstari wa mkato-mkato ni njia ndogo ya kuongoza valvu, au ya kurudisha oili iliyovuja ndani.

Sasa, mashine ikikosa nguvu, wekeni kidole kwenye tangi na mfuate mchoro. Je, oili inatosha? Filta imeziba? Valvu ya usalama imekwama wazi kwa uchafu? Muulizeni fundi haya yote kabla ya kununua pampu. Lakini msikaze valvu ya usalama ili kuongeza nguvu: paipu inaweza kupasuka.

ONYO: Oili yenye presha ikitoka kwa tundu dogo hupenya ngozi kama sindano. Usipapase paipu kwa mkono. Pitisha kipande cha katoni. Kabla ya kufungua chochote, zimeni injini na muondoe presha. Mtu akichomwa na oili, apelekwe hospitali mara moja, hata kama kidonda ni kidogo na hakiumi.

MASWALI YA KIKUNDI
- Kijitabu cha mashine yetu kinawekwa na nani?
- Nani kati yetu anaweza kutuonyesha valvu ya usalama kwenye mchoro, kisha kwenye mashine yenyewe?
- Filta ilibadilishwa lini, na iliandikwa wapi?

Mali ya wengi huhitaji macho ya wengi. Mungu abariki kazi ya mikono yenu.