SOMO LA VIKUNDI: BUNDUKI NDANI YA LORI LA CHAMA

Kila msimu wa mavuno unapokaribia, katika vyama vyenye lori la kubebea mazao huzuka hoja ile ile. Mwanachama husimama mkutanoni akauliza: dereva husafiri usiku, hupita porini, hubeba pamba ya watu wengi au fedha za kuwalipia, kwa nini asipewe bunduki? Hoja hiyo hutolewa kwa nia njema, na mara nyingi hupigiwa makofi. Lakini katibu ndiye atakayeuandika uamuzi katika kitabu cha kumbukumbu, na ndiye atakayeulizwa kwanza mambo yakiharibika. Yafaa basi alielewe jambo lenyewe kabla halijapigiwa kura.

Nchini Tanzania silaha za moto husimamiwa kwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1991. Msingi wake ni kwamba hakuna mtu awezaye kuwa na bunduki, bastola wala risasi bila leseni itolewayo kwa njia ya Polisi. Leseni humtaja mwenye kuruhusiwa na silaha aliyoruhusiwa. Bunduki si pampu ya kupulizia dawa, ambayo leo hushikwa na huyu, kesho na yule.

Mathalani, mwenyekiti mwenye leseni halali anamwazima dereva bastola kwa safari moja tu ya kwenda kiwanda cha kuchambulia pamba. Kwenye kizuizi cha polisi bastola inaonekana chini ya kiti. Leseni ya mwenyekiti haimfuniki dereva. Dereva anakamatwa, utingo anakamatwa pamoja naye, mwenyekiti anaitwa kujieleza, na lori huenda likawekwa kituoni likiwa kidhibiti. Pamba iliyomo ni ya wakulima ambao bado hawajalipwa. Mvua ikinyesha juu ya turubai lililochanika, hasara itawaangukia wao, ambao hata habari ya bastola hawakuwa nayo.

Hata dereva akiwa na leseni yake mwenyewe, leseni hiyo hukoma mpakani. Kenya ina Sheria yake ya Silaha, Sura ya 114. Uganda ina yake ya mwaka 1970. Itifaki ya Nairobi, iliyotiwa saini Aprili 2004, iliziunganisha serikali za eneo hili katika kudhibiti silaha ndogo na nyepesi, wala haikuzifungulia njia. Dereva apelekaye mahindi ng'ambo ya Namanga au Mutukula akiwa na bastola isiyo na kibali cha nchi anayoingia, huwa mvunja sheria tangu gurudumu la kwanza livukapo mstari.

Wako wasemao kwamba madereva wa Marekani hubeba bunduki na mambo yao huenda vizuri. Hiyo ni nusu ya habari. Ni kweli kwamba kanuni za usalama wa malori za serikali kuu ya huko hazimkatazi dereva kuwa na bunduki. Lakini kila jimbo lina sheria zake, na lori moja huweza kupita majimbo kadhaa kwa siku mbili. Sheria ya mwaka 1986 humlinda msafiri avukaye majimbo ikiwa anakotoka na aendako anaruhusiwa kuwa na silaha hiyo, na ikiwa njiani haina risasi wala haifikiki kwa mkono. Gari lisilo na sehemu iliyotengwa na chumba cha dereva, silaha hufungwa ndani ya sanduku lenye kufuli. Kisanduku cha dashibodi hakikubaliwi. Silaha ya namna hiyo haimsaidii mtu aliyeshtukizwa usingizini. Juu ya hayo, kampuni nyingi za uchukuzi za huko huwakataza madereva wao kubeba silaha kabisa.

Tukio moja la nchi hiyo lastahili kufikiriwa zaidi. Mwezi Machi 2009 dereva Jason Rivenburg, aliyekuwa amebeba maziwa, alikaribia mwisho wa safari kabla ya saa ya kupokelewa. Akaegesha lori katika kituo cha mafuta kilichoachwa, jimbo la South Carolina. Alipigwa risasi akafa, na mwuaji akaondoka na dola 7. Mjane wake na madereva wenzake walidai hatua zichukuliwe, na sheria iliyopatikana mwaka 2012, ijulikanayo kwa jina la Jason, ilihusu maegesho salama ya malori. Walikwenda kwenye chanzo: mtu aliyechoka hakuwa na mahali pa kulala.

Afrika Mashariki nayo ina ushahidi wake. Kati ya Isiolo na Moyale, kaskazini mwa Kenya, kwa miaka mingi magari yalikwenda kwa msafara yakisindikizwa na polisi. Ndivyo ilivyokuwa pia katika barabara za Kigoma na Kagera wakati majambazi walipozisumbua. Waliobeba silaha walikuwa askari. Dereva alishika usukani. Na kwa kweli hawezi kushika vyote viwili. Jambazi ajuaye kwamba ndani ya lori mna bunduki hana sababu ya kungoja, na bunduki yenyewe huwa mali nyingine ya kuporwa.

Katika suala la fedha chama kina uwezo mkubwa kuliko kinavyodhani. Huduma za fedha kwa simu zilianza Kenya mwaka 2007, na Tanzania mwaka 2008. Malipo kwa akaunti za benki nayo yameenea vijijini. Wanachama hulalamikia makato, na hawakosei. Lakini makato hayo yapimwe pamoja na gharama ya kusindikiza sanduku la fedha, na pamoja na roho ya dereva. Pale ambapo fedha taslimu hazina budi kusafirishwa, kazi hiyo ni ya askari au ya kampuni ya ulinzi yenye leseni, kwa mkataba ulioidhinishwa na bodi.

Lori la kukodi lisisahaulike, kwa maana huko ndiko uzembe huanzia. Mkataba utaje wazi kwamba mwenye gari hataruhusu silaha isiyo na leseni, mahali dereva atakapolala, na nani ataarifiwa lori lisipofika. Kampuni ya bima iulizwe kwa maandishi, na jibu lake litunzwe kwenye jalada.

Maswali ya kikundi: Lori la chama hulala wapi likichelewa kufika, na nani alipachagua mahali hapo? Katika msimu uliopita, ni safari ngapi zilizobeba fedha taslimu ambazo zingeweza kulipwa kwa njia nyingine? Je, yumo mjumbe wa bodi aliyewahi kuusoma mkataba wa bima ya lori tangu mwanzo hadi mwisho?